Uongozi wa Chama na Moyo wa Kazi Wakati wa Msimu

Vyama vya ushirika vya Pemba vinavyokodi mashamba ya mikarafuu huhitaji wachumaji, wachambuaji na waanikaji kwa muda mfupi tu, na ni rahisi kwa halmashauri kuwahesabu kuwa wapita njia. Fikira hiyo ni ghali. Karafuu mbichi zikirundikwa bila kutandazwa huvunda na kuwa mpeta, na mpeta haina bei ya karafuu njema. Hakuna msimamizi awezaye kukesha juu ya kila jamvi. Lazima awepo mtu ambaye, wingu likitanda, atakimbia kuanua bila kuambiwa. Na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa amri.

Jambo hili limewahi kujaribiwa nchini kwa upana. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma ya Tanzania Bara yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mabaraza yaliundwa, lakini yalikuwa ya kushauri tu, na wakuu wa kazi ndio waliokuwa na sauti kubwa ndani yake. Mwaka uliofuata Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau. Ndipo ilipozuka migomo viwandani Dar es Salaam na kwingineko, na mingi haikutokana na mshahara peke yake, bali na namna wafanyakazi walivyokuwa wakisemeshwa na kutendewa. Pemba wakati huo ilikuwa chini ya ASP, na Mwongozo haukuwa wake. Hata hivyo funzo lake linawahusu wenye vyama vya huku. Baraza lisilo na la kuamua humfundisha mfanyakazi kunyamaza.

Kwa chama cha karafuu, mahali pa kuanzia ni kwenye pishi. Mchumaji hulipwa kwa pishi, naye huujua uongozi wa chama chake hapo kuliko katika hotuba yoyote. Pishi ikijazwa hadi kumwagika kwa mmoja na kupigwa usawa kwa mwingine, maneno ya umoja hayatasikika tena msimu huo. Katibu mwenye busara huchagua pishi moja, huwaonyesha wachumaji kabla ya siku ya kwanza, na huwaachia wateue mmoja wao asimame karibu na mpimaji. Huo ni uamuzi mdogo, lakini ni uamuzi wa kweli.

La pili ni hesabu. Bei ya karafuu kavu hutangazwa na ZSTC, na kila mchumaji huijua. Kiongozi anayeficha vitabu vya chama basi huficha kidogo sana, na hupoteza imani kubwa. Afadhali aeleze wazi kiasi kilichokwenda kwa mwenye shamba, kwa usafiri na kwa akiba, hata kama ujira hautaongezeka. (Kiongozi anayepanda mkarafuu siku moja mbele ya wageni hajawaeleza wachumaji lolote.)

Limebaki suala la ajali. Kila msimu wapo wanaoanguka mikarafuuni. Halmashauri iamue kabla ya msimu nani atampeleka majeruhi hospitali, kwa chombo gani, na fedha zitoke mfuko upi. Uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za mkutano na usomwe shambani siku ya kwanza, wachumaji wote wakiwapo.