Saa Moja na Mwendo wa Saa Moja: Lugha ya Kumwelekeza Mtembea kwa Miguu Bukoba na Muleba

Anayemwelekeza mwenzake njia hana budi kutaja mambo mawili: mahali na muda. Mafunzo mengi ya Kiswahili huishia kwenye "kulia", "kushoto" na "moja kwa moja", ilhali uzito wa maelekezo umo katika sarufi.

Kuhusu mahali, msingi ni ngeli ya PA-KU-MU. Mwenyeji wa Muhutwe akisema "zahanati ipo pale", anataja mahali mahususi, pengine panapoonekana kwa macho. Akisema "iko kule", anataja upande tu, na mgeni ajue kwamba atauliza tena njiani. Akisema nyumba "imo mle", anaashiria ndani, kwa mfano ndani ya kibanja ambamo migomba huificha.

Kuhusu muda, umbo moja hubeba maana mbili: "saa moja" ni saa ya siku na pia ni dakika 60. Kijapani huzitenga maana hizo kwa maneno: ichiji ni saa ya siku, ichijikan ni muda. Kiswahili huzitenga kwa muundo wa kirai. "Utafika saa moja" si sawa na "utafika baada ya saa moja", wala si sawa na "ni mwendo wa saa moja". Mgonjwa asiyeipata tofauti hiyo aweza kuikuta zahanati imefungwa.

Tena, mwendo ni wa nani? Nchini Japani, matangazo ya nyumba hukadiria dakika moja ya kutembea kuwa mita 80. Kiswahili hakina kipimo cha namna hiyo. "Mwendo" hupimwa kwa mtembeaji, na mwenyeji makini hutofautisha mwendo wa kijana na wa mama aliyejitwika mkungu wa ndizi.

Mwisho ni jua. Bukoba iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takribani nyuzi 7.5 za longitudo, nazo ni sawa na nusu saa. Saa kumi na mbili na nusu jioni, jua la Bukoba bado halijazama. Hivyo "utafika kabla ya jua kuzama" ni ahadi ya mahali inapotolewa, si ya saa ya ukutani.

Yafaa, basi, maelekezo yafundishwe kama sarufi inayotumika, kwa kuwa kosa lake hulipwa kwa miguu.