Haki za mteja intaneti inapouzwa kupita uwezo wake

Wakazi wa Hyattsville, jimboni Maryland, nje kidogo ya mji mkuu Washington, wana haki ya kulalamika endapo intaneti waliyolipia haifikii kasi waliyoahidiwa. Kampuni huuza njia moja kwa wateja wengi, ikitarajia kuwa hawataitumia wote kwa pamoja. Jioni wanapoitumia, kasi hushuka.

Tangu Aprili 10, 2024, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, imeyataka makampuni makubwa kuonyesha bei na kasi ya kawaida kabla mteja hajanunua. Mteja ahifadhi maelezo hayo, apime kasi kwa siku kadhaa, kisha awasilishe malalamiko FCC, bila malipo. Kampuni hutakiwa kujibu katika siku 30.

Mwaka 2022, kampuni ya Frontier ilikubali kulipa dola milioni 8.5 huko California kumaliza kesi ya kutotoa kasi iliyoahidi.