Msimamizi wa nini? Majina ya watendaji wa uchaguzi na matumizi yake

Maneno yanayojadiliwa: msimamizi wa uchaguzi, msimamizi wa kituo, msimamizi msaidizi, karani mwongozaji, wakala, mwangalizi, teua, chagua, mteule, mkazi, raia.

Tarehe 16 Mei 2021 wapiga kura wa majimbo mawili ya nyanda za juu za Kigoma walikwenda vituoni siku moja. Jimbo la Muhambwe, wilayani Kibondo, lilikuwa wazi kwa kifo cha mbunge wake. Jimbo la Buhigwe, katika wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, lilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake, Philip Mpango, alikuwa amekuwa Makamu wa Rais. Kwa chaguzi ndogo hizo mbili ilibidi wapatikane watu wa kufungua vituo, kuongoza foleni, kuhesabu kura na kujumlisha matokeo. Kila mmoja wao alikuwa na jina la kazi yake, na majina hayo hufanana kiasi cha kumtatiza hata mfasiri mzoefu.

Chukua sentensi hii: «Msimamizi alimtoa wakala nje kabla ya kura kuhesabiwa.» Kisarufi haina kasoro. Lakini mwanasheria atauliza: msimamizi yupi? Wa kituo, wa kata au wa jimbo? Msimamizi wa kituo na msimamizi wa uchaguzi hawana mamlaka sawa, na anayelalamika lazima ajue analalamika dhidi ya nani. Makala haya yanaeleza namna majina hayo yalivyoundwa, yanavyotofautiana, na kwa nini kijalizo kinachofuata neno «msimamizi» hakipaswi kuachwa.

Uundaji wa maneno

«Msimamizi» limetokana na kitenzi simama, likapitia kauli ya kutendea simamia. Mwanafunzi huuliza: ikiwa kitenzi ni simamia, sauti /z/ imetoka wapi? Jibu limo katika historia ya lugha. Kiambishi cha kutendea kilikuwa na konsonanti /l/ ambayo Kiswahili kimeipoteza kati ya irabu. Konsonanti hiyo ilipofuatwa na kiambishi -i cha kuunda nomino, haikupotea bali iligeuka kuwa /z/. Ndiyo maana tuna simamia na msimamizi, angalia na mwangalizi, kimbia na mkimbizi. Vitenzi teua na chagua hufuata njia hiyo hiyo: /l/ iliyofichika hujitokeza katika teuliwa na chaguliwa, kisha hugeuka /z/ katika uteuzi na uchaguzi.

Mwalimu wa Kasulu au Kibondo ana nyenzo nzuri ya kufundishia jambo hili. Kiha, kama Kirundi kilicho jirani yake, kingali na konsonanti katika kiambishi cha kutendea, ambacho husikika kama -ir- au -er-. Mwanafunzi anayezungumza Kiha nyumbani husikia kila siku kile ambacho Kiswahili kimekificha.

Ngazi za usimamizi

Katika uchaguzi wa Rais, wabunge na madiwani Tanzania Bara, majina hupangwa kwa eneo la mamlaka.

Msimamizi wa uchaguzi huwajibika kwa jimbo zima. Hupokea fomu za wagombea ubunge, hujumlisha matokeo kutoka vituoni na humtangaza mbunge aliyeshinda. Matokeo ya Rais hutangazwa na Tume yenyewe.

Msimamizi msaidizi wa uchaguzi humsaidia wa kwanza, katika ngazi ya jimbo au ya kata. Yule wa kata ndiye anayeshughulika na uchaguzi wa diwani.

Msimamizi wa kituo mamlaka yake huishia kwenye kituo kimoja cha kupigia kura. Hukifungua na kukifunga, hulinda utaratibu, huhesabu kura pamoja na wasaidizi wake mbele ya mawakala, hutia saini fomu ya matokeo na kuibandika hadharani.

Msimamizi msaidizi wa kituo hufanya kazi chini yake, kama vile kukagua jina la mpiga kura katika daftari au kutoa karatasi za kura.

Karani mwongozaji wapiga kura hupanga foleni na kumwelekeza kila mtu kituo chake. Wingi wake ni makarani waongozaji.

Juu ya wote hao mkoani yuko mratibu wa uchaguzi wa mkoa. Yeye huratibu, hasimamii, na kwa hiyo hatangazi mshindi.

Nafasi ya neno «msaidizi» hubadili maana. «Msimamizi msaidizi wa kituo» ni cheo: mtu huyu ni msimamizi, ila wa daraja la pili. «Msaidizi wa msimamizi wa kituo» ni mtu yeyote amsaidiaye msimamizi, pengine aliyebeba meza tu. Vivyo hivyo «msaidizi wa mpiga kura», yaani mtu aliyechaguliwa na mpiga kura mwenyewe, kwa mfano asiyeona, ili amsaidie kupiga kura, hana cheo chochote cha Tume.

Jina la jimbo nalo lisichanganywe na la wilaya. Kibondo ni wilaya. Jimbo lake ni Muhambwe, jina la utawala wa kale wa Waha, kama ilivyokuwa Buyungu kwa wilaya jirani ya Kakonko. Kasulu ina halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na majimbo mawili, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Anayeandika «msimamizi wa uchaguzi wa Kasulu» hajamtaja mtu mmoja bado.

Mkurugenzi si kisawe cha msimamizi

Kwa miaka mingi watu wamesema «mkurugenzi» wakimaanisha msimamizi wa uchaguzi. Mazoea hayo yalitokana na sheria ya zamani, iliyomfanya mkurugenzi wa jiji, manispaa, mji au wilaya kuwa msimamizi wa uchaguzi kwa wadhifa wake. Kifungu hicho kilibishaniwa mahakamani. Mahakama Kuu ilikibatilisha Mei 2019, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo Oktoba mwaka huo huo, kisha shauri likafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu jijini Arusha, iliyotoa hukumu yake Juni 2023.

Mwaka 2024 zilitungwa sheria mbili: Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani. Sasa Tume huwateua wasimamizi kutoka miongoni mwa watumishi waandamizi wa umma. Mkurugenzi aweza kuteuliwa, lakini cheo chake peke yake hakimfanyi msimamizi. Mwandishi anayeyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni mamoja anairudisha kimyakimya hoja ambayo watu wameibishania kwa miaka.

Kwa watu wa lugha kuna jambo la ziada. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania, na sheria hizi za uchaguzi zilitungwa kwa Kiswahili. «Msimamizi wa kituo» si tafsiri tena ya istilahi iliyoko kwingine. Ndiyo istilahi yenyewe. Mfasiri hana matini ya kigeni ya kukimbilia anapokuwa na shaka.

Tahadhari moja: uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, uliendeshwa chini ya Ofisi ya Rais inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, wala si Tume. Nao una «msimamizi wa uchaguzi» wake. Jina ni lile lile, mamlaka ya uteuzi ni nyingine. Taja uchaguzi unaouzungumzia.

Teua, chagua, ajiri

Chagua ni neno pana: mtu huchagua nguo, huchagua mbunge. Teua hudokeza mamlaka: mwenye madaraka humweka mtu katika nafasi. Wananchi huchagua mbunge; Tume huteua msimamizi. Hata hivyo kuna mahali pawili pa kujikwaa.

Kwanza, «uteuzi» hutumika pia kwa wagombea. Siku ya uteuzi, msimamizi wa uchaguzi hukagua fomu na kuwateua wanaotimiza masharti. Hivyo mtu yule yule ameteuliwa na Tume, naye anateua wagombea. Andika «uteuzi wa wagombea» au «uteuzi wa watendaji», usiache «uteuzi» peke yake.

Pili, «mteule» limetokana na teua, lakini «Rais mteule» ni yule aliyekwisha kuchaguliwa na bado hajaapishwa. Hapo maana ya zamani ya kutenga kilicho bora imebaki.

Matangazo yanayobandikwa kwenye mbao za halmashauri huita nafasi za vituoni «kazi za muda», na waombaji husema wanataka «kuajiriwa na Tume». Katika mazungumzo hilo linaeleweka. Katika maandishi rasmi mfuatano ni huu: mtu huomba, husailiwa, huteuliwa, huapishwa, hupewa mafunzo, kisha hulipwa posho.

Kiapo na tamko

Kabla ya kuanza kazi, watendaji wa uchaguzi hula kiapo cha kutunza siri na hutoa tamko la kujitoa uanachama wa chama cha siasa, au la kutokuwa mwanachama. Utaratibu huu hufuatwa pia katika uandikishaji wa wapiga kura. Awamu mojawapo ya uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ilizinduliwa mkoani Kigoma tarehe 20 Julai 2024, na humo watendaji wa vituoni waliitwa mwandishi msaidizi na mwendesha vifaa vya bayometriki. Wao ni waandishi, si wasimamizi.

Kiapo huliwa, tamko hutolewa. Usiandike «kula tamko». Anayeapa huapa, anayemwongoza humwapisha. Katika miji midogo ambako watu wanajuana kwa sura na kwa sare walizovaa kwenye mikutano ya kampeni, tamko hilo ndilo linalotarajiwa kumtenga mwalimu wa shule ya msingi na kada wa jana. Mfasiri asiliite «ahadi» wala «barua».

Wakala, wakili, mwangalizi

Wakala huteuliwa na chama au mgombea ili amlindie maslahi yake kituoni. Naye hula kiapo cha kutunza siri, ila hatakiwi kujitoa uanachama, kwa kuwa upande wake ndio sababu ya yeye kuwapo. Katika Kiarabu wakala ni tendo la kuwakilisha, na mtendaji ni wakil. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kikayagawia kazi: wakili akaenda mahakamani, wakala akawa mwakilishi wa biashara, wa fedha za simu na wa kura, na lile tendo likaitwa uwakala.

Mwangalizi, au mtazamaji, huangalia na kuandika ripoti. Hasimamii wala haingilii. Kumwita «msimamizi wa kimataifa» ni kosa linaloweza kuzua mgogoro wa kidiplomasia.

Mkazi na raia

Matangazo ya nafasi za vituoni kwa kawaida hutaka mwombaji awe raia wa Tanzania na mkazi wa eneo husika. Kwingineko maneno haya hupita bila kuulizwa. Katika wilaya hizi mbili sivyo. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na Nduta iko wilayani Kibondo. Mtu aliyezaliwa Nyarugusu na kukulia humo amekaa wilayani maisha yake yote, lakini ukaazi huo haumpi uraia. Kinyume chake, raia wa mpakani mwenye ndugu Burundi hulazimika mara nyingine kuthibitisha uraia ambao mwenzake wa Dodoma haulizwi.

Kwa hiyo usibadilishe «mkazi» kwa «mwenyeji» ili kupamba sentensi. Mkazi ni akaaye mahali. Mwenyeji hudokeza asili na nasaba. Badiliko hilo dogo linaweza kumnyima kazi mwalimu wa Kihaya aliyehamia Kibondo, au kumtilia shaka mtu ambaye sheria haimtilii shaka.

Nje ya Tanzania

Nchini Kenya «jimbo» la Tanzania huitwa eneobunge, na «kata» huitwa wadi, neno linalotumika pia Zanzibar. Wakala husikika sana kama ajenti. Mashariki mwa Kongo jimbo ni mkoa mzima, kama Kivu Kaskazini, na mawakala wa vyama huitwa mashahidi kwa kufuata Kifaransa. Ripoti ya Goma ikisema shahidi alitolewa kituoni, msomaji wa Kasulu atadhani kuna kesi. Mfasiri aeleze mara ya kwanza, kisha ashike neno moja hadi mwisho.

Muhtasari wa matumizi

Andika: Msimamizi wa kituo alibandika fomu ya matokeo.
Epuka: Msimamizi alibandika fomu ya matokeo.

Andika: Tume imewateua wasimamizi wasaidizi wa vituo.
Epuka: Tume imewachagua wasaidizi wa wasimamizi.

Andika: Msimamizi wa uchaguzi wa Jimbo la Muhambwe alimtangaza mshindi.
Epuka: Mkurugenzi wa Kibondo alimtangaza mshindi.

Andika: Mawakala wa vyama walikula kiapo cha kutunza siri.
Epuka: Mawakili wa vyama walikula tamko la siri.

Sentensi iliyotajwa mwanzoni sasa yaweza kuandikwa upya: «Msimamizi msaidizi wa kituo alimtoa wakala wa upigaji kura nje kabla ya kura kuhesabiwa.» Imeongezeka maneno machache tu. Msomaji sasa anajua nani alitenda na nani alitendewa. Na msimamizi wa kituo, aliyepaswa kulinda utaratibu hapo, anajua swali gani linamsubiri.