Gari la kasi likizeeka: Usisubiri shafti ikatike mgonjwa akiwa ndani

Katika mitaa ya Ipuli, Manispaa ya Tabora, kama ilivyo katika miji mingi nchini, si ajabu kukuta Subaru Impreza au Toyota Altezza yenye zaidi ya miaka 20 ikipeleka watoto shule. Magari hayo yalitengenezwa Japani kwa ajili ya kasi. Leo ndiyo yanayobeba mahari, gunia la mchele na, usiku wa manane, mama aliyeshikwa na uchungu.

Hapo ndipo suala la gereji linapogeuka kuwa suala la afya. Wataalamu wa uzazi hutaja aina tatu za ucheleweshaji zinazoua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika kituoni na kuchelewa kuhudumiwa. Gari lililokufa njiani linaangukia katika aina ya pili.

Sehemu mbili huwaangusha wengi. Ya kwanza ni shafti zinazopeleka nguvu kwenye tairi. Kiungo cha shafti, ambacho mafundi hukiita sivii jointi, hulindwa na mpira uliojaa grisi. Mpira ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia, na Tabora mchanga tunao wa kutosha. Dalili yake ni mlio wa "kata-kata-kata" unapokata kona. Ukiwahi, fundi husafisha, huweka grisi na kubadili mpira. Ukichelewa, unanunua shafti nzima.

Ya pili ni giaboksi ya otomatiki. Adui yake mkubwa ni joto. Kukanyaga mafuta gari likiwa limenasa mchangani, au kutoka rivasi kwenda D kabla gari halijasimama, huunguza oili na kuchosha vyuma. Dalili ni gari kuchelewa kuondoka ukiweka D, kushtuka linapobadili gia, au injini kunguruma bila gari kuvuta. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usiishie kuongeza. Mpelekee fundi, na itumike aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Wenye Subaru wakumbuke jambo moja zaidi. Kwa kuwa tairi zote nne zinavuta, kuchanganya tairi mpya na zilizokwisha huifanya mifumo ya ndani ishindane muda wote, na giaboksi hulipa gharama.

Kuna hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Shafti moja ikikatika, kuweka P hakutoshi, kwa sababu P hufunga giaboksi na si tairi. Gari linaweza kuserereka kwenye mteremko, hata kama injini imezimwa. Vuta handibreki, weka jiwe nyuma na mbele ya tairi, na waondoe watoto karibu. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Likigoma kabisa, usihangaike kusukuma ili liwake. Otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wala usilifunge kamba na kulivuta safari ndefu. Injini ikiwa imezimwa, pampu haisukumi oili, na giaboksi huzunguka bila kulainishwa. Tafuta gari la kulibeba.

Kama nyumbani kuna mjamzito, mzee mwenye presha au mtoto mwenye selimundu, kaeni kama familia na mpange usafiri mapema. Gari lenye dalili hizi lisihesabiwe kuwa gari la dharura, hata kama baba analipenda namna gani. Andikeni namba za dereva wawili wa jirani. Kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga, ipo namba 115 ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure, na mfumo huo hutumia magari ya wagonjwa pamoja na madereva wa jamii.

Fedha ya giaboksi huuma, hasa Januari ada ya shule inapodaiwa. Lakini anayeweka kidogo kila mwezi kwa ajili ya mpira wa shafti na oili hulipa kidogo kuliko anayesubiri. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyokwenda kwa miguu hadi pwani, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua kuwa safari haianzi mpaka mzigo umefungwa vizuri. Wiki hii, kabla ya safari ya Nzega au Sikonge, muombe fundi akague chini ya gari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.