Saa Iliyomo Kichwani: Dawa ya Akili na Maumivu ya Kichwa ya Vishada

Tuseme yupo mwalimu wa sekondari mjini Tukuyu, mtu wa miaka thelathini hivi, mzima wa afya, asiye na homa wala malaria. Usiku mmoja wa mwezi Juni, ukungu ukiwa umetanda kutoka mlima Rungwe hadi kwenye mashamba ya chai, anaamshwa saa nane na maumivu makali nyuma ya jicho la kulia. Jicho linakuwa jekundu na kutiririka machozi, kope inalegea, na tundu la pua la upande huohuo linatoa kamasi. Kulala hawezi. Anainuka, anazunguka chumbani, pengine anakigonga kichwa ukutani. Baada ya saa moja hivi maumivu yanakatika kana kwamba hayakuwapo, na asubuhi anaingia darasani kama kawaida yake. Usiku wa pili, saa nane ileile, yanarudi. Mambo huendelea hivyo kwa wiki sita au nane, kisha hutoweka kabisa, na mwaka unaofuata hurejea.

Mwalimu huyo tumemtunga sisi, lakini maradhi yake hatukuyatunga. Tutayaita hapa maumivu ya kichwa ya vishada, kwa kuwa mashambulio yake hayaji moja moja bali huja yameshikana kama ndizi katika chane, kisha hufuata kipindi kirefu kitupu kabla ya chane nyingine. Shambulio moja huchukua kati ya dakika 15 na saa tatu, na kwa siku moja yanaweza kufika manane. Katika nchi zilizofanya hesabu, huwapata watu takriban mmoja katika kila elfu, wanaume zaidi kuliko wanawake. Hiki si kipandauso. Mgonjwa wa kipandauso hutafuta chumba chenye giza alale kimya, ilhali huyu hawezi hata kukaa kitako. Wapo waliokiri kwamba katikati ya shambulio walitamani kufa, na kwa sababu hiyo haifai kuyachukulia maradhi haya kuwa ni kichwa tu cha kumalizwa kwa vidonge viwili vya dukani. Isitoshe, vidonge vya kawaida huchelewa: vinapoanza kufanya kazi, shambulio limekwisha lenyewe.

Jambo lililowashangaza waganga tangu zamani ni ule utaratibu wa saa. Ugonjwa gani huu unaojua kwamba sasa ni saa nane usiku? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1998, wakati Arne May, Peter Goadsby na wenzao walipopiga picha za ubongo wa wagonjwa huko London wakati wa shambulio. Sehemu moja ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, ilionekana kuchangamka. Humo ndimo ilimo saa ya mwili, ile inayotuamuru kulala na kuamka na inayopanga kupanda na kushuka kwa homoni. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga wa jua. Wanafunzi wa Rungwe wanaweza kulitafakari jambo hili kwa vipimo vyao wenyewe. Tukuyu iko karibu na digrii 9 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku fupi ya Juni na siku ndefu ya Desemba ni kama saa moja tu. Huko Ulaya ya kaskazini tofauti hiyo hupita saa kumi, na watabibu wa huko wameona vishada vikiongezeka majira ambayo mwanga hubadilika.

Sasa tuje kwenye dawa. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote, ya tatu katika jedwali la elementi, na iligunduliwa nchini Sweden mwaka 1817 na Johan August Arfwedson. Kwa muda mrefu haikuwa na kazi kubwa katika tiba. Mwaka 1949 daktari wa Australia, John Cade, alitangaza kwamba chumvi za lithiamu zilituliza wagonjwa wenye wazimu wa kupanda na kushuka, yaani wale ambao kwa majira fulani huchangamka kupita kiasi na kwa majira mengine huzama katika huzuni. Miaka 25 baadaye, mwaka 1974, daktari Karl Ekbom wa Sweden alifikiri hivi: ikiwa lithiamu huzuia ugonjwa wa akili unaokuja na kwenda kwa majira, je, haitazuia na maumivu ya kichwa yanayokuja na kwenda kwa majira? Akaijaribu kwa wagonjwa ambao vishada vyao havikuwa na mapumziko, nao wakapata nafuu. Hakusema kuwa wagonjwa wake walikuwa na wazimu. Alichokiona ni mwendo mmoja katika maradhi mawili tofauti, na kwa maoni yetu hiyo ni mojawapo ya hoja nzuri sana katika historia ya tiba, ingawa hadi leo namna hasa lithiamu inavyofanya kazi hiyo haijathibitishwa. Linalojulikana ni kwamba katika wanyama wa maabara hurefusha mzunguko wa saa ya mwili.

Hoja nzuri, hata hivyo, haina budi kupimwa. Mwaka 1990 Bussone na wenzake wa Italia waliilinganisha lithiamu na verapamili, ambayo ni dawa ya moyo, kwa wagonjwa wa vishada visivyo na mapumziko. Zote mbili zilisaidia, lakini verapamili ilifanya kazi mapema zaidi na kuleta madhara machache. Mwaka 1997 Steiner na wenzake waliipima lithiamu dhidi ya kidonge kisicho na dawa, safari hii kwa wagonjwa wenye vishada vya kuja na kwenda, na hawakuona tofauti, jaribio likasimamishwa. Ndiyo maana leo verapamili hutangulia, nayo lithiamu hubaki kwa wale ambao verapamili imeshindwa kuwasaidia, hasa wasiopata mapumziko. Klopromazini, dawa nyingine ya wagonjwa wa akili, iliripotiwa kusaidia mwaka 1980, lakini haikupata ushahidi wa kutosha kuifikisha mbali. Na amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya kichwa, huzuia kipandauso. Kwa vishada haina sifa hiyo.

Hapa ndipo mgonjwa wa Rungwe anapokutana na mizani ngumu. Lithiamu na sodiamu ni ndugu wa kundi moja katika jedwali la elementi, na figo hushindwa kuwatenganisha vizuri. Mwili unapopungukiwa chumvi na maji, figo huing'ang'ania sodiamu, na kwa kufanya hivyo huibakiza pia lithiamu. Mtu akitoka kwenye baridi ya Tukuyu, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, akateremka Kyela kuvuna mpunga katika joto la kandokando ya Ziwa Nyasa, akatoka jasho siku nzima, au akaharisha siku mbili, kipimo kilekile cha dawa kilichomfaa juzi kinaweza kuwa sumu leo. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu mwenye maumivu huzinunua dukani bila kuuliza, huongeza hatari hiyohiyo. Mikono hutetemeka, mgonjwa hutapika, huyumba kama mlevi, na asipowahiwa anaweza kufa. Madaktari huilinda kwa kupima damu, saa 12 baada ya kidonge cha mwisho: hulenga kiasi kisichozidi milimoli 1 kwa lita, na kuanzia 1.5 huhesabu kwamba hatari imeingia. Pengo baina ya dawa na sumu ni jembamba kiasi hicho.

Tena lithiamu huzubaisha tezi ya shingo. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana sana kwa rovu kabla chumvi haijaanza kutiwa madini joto, kwa hiyo shingo ya mgonjwa ni ya kuangaliwa kabla ya kumwandikia. Kwa maoni yetu dawa hii haifai kuanzishwa mahali pasipo na kipimo cha damu, hata kama vidonge vimepatikana. Hospitali kubwa ya rufaa iliyo karibu ni ile ya Kanda, Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka Tukuyu, na nauli ya kwenda na kurudi kila mara ni sehemu ya tiba ambayo haiandikwi katika cheti.

Kwa shambulio lenyewe, dawa iliyo salama zaidi si kidonge. Ni oksijeni safi, lita 12 kwa dakika, ikivutwa kwa barakoa kwa robo saa. Katika jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2009, oksijeni ilifaulu katika asilimia 78 ya mashambulio, ambapo hewa ya kawaida ilifaulu katika asilimia 20. Rungwe inayo gesi yake, kaboni-dioksidi inayotoka ardhini karibu na mlima Kiejo na kuvunwa kwa ajili ya vinywaji. Bahati mbaya siyo hiyo inayotakiwa.

Lipo na jambo la aibu. Neno Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma, limekuwa katika vinywa vya watu jina la wazimu, na mgonjwa anayesoma kwenye karatasi ya dawa kwamba lithiamu ni ya maradhi ya akili anaweza kuitupa chooni kabla jirani hajaiona. Wengine huificha hata kwa mganga mwingine anayewaandikia diklofenaki, na hapo ndipo madhara hutokea. Mwalimu wetu wa Tukuyu angefanya vyema zaidi kuchukua daftari na kuandika kila shambulio: tarehe, saa lilipoanza, saa lilipokatika, upande wa kichwa, jicho lilivyokuwa, na dawa zote alizomeza siku hiyo. Kurasa nne za namna hiyo, akimwonyesha daktari kule Mbeya, zitamweleza mambo ambayo picha ya kichwa mara nyingi haiyaonyeshi.