Paka mweusi ana kosa gani?

Ukishuka Kilindoni, kisiwani Mafia, kutoka Nyamisati, hutakawia kuwaona paka. Wanazunguka penye samaki, wakingoja vichwa na matumbo. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani, wamefundishwa kwamba paka si najisi. Tena Mafia ni nchi ya minazi, na panya hupanda mnazi akatoboa vitale na madafu. Wazee wa pwani walisema: paka wa nyumba haingwa.

Je, sisi Wakristo? Katika vijiji vingi paka mweusi akipita usiku huitwa wa mchawi, akapigwa mawe hata kufa. Nami utotoni nilirusha mawe hayo. Wengine husema kwamba Kanisa ndilo lililomlaani. Si kweli. Mwaka 1233 Baba Mtakatifu Gregori wa 9 aliandika barua juu ya wazushi wa Ujerumani, akataja habari alizopelekewa za paka mweusi katika ibada zao. Maneno mengi yametoka hapo, lakini amri ya kuua paka haimo katika barua hiyo.

Fungua Biblia yako, kitabu cha Baruku, sura ya 6, ile barua yenye jina la nabii Yeremia. Hapo ndipo anapotajwa paka. Sanamu za miungu ya Babeli zinatuliwa na popo, mbayuwayu na ndege wengine, na paka pia, nazo haziwezi kuwafukuza! (Mtu wa Chole, aliyezoea popo wakubwa wanaoning'inia mitini mchana kutwa, atacheka.) Angalia vema: kinachochekwa hapo ni sanamu, si paka.

Huko Uingereza, katika karne ya 13, kitabu cha mashauri kwa wanawake waliojitenga wapate kusali kiliwakataza kufuga mnyama yeyote ila paka. Na kanisa kuu la Exeter lilimlipa paka wake! Hesabu zake, tangu mwaka 1305 hata 1467, zaonyesha peni moja kila juma kwa matunzo yake, maana kazi yake ilikuwa kukamata panya. Mlango wenye tundu la kupitia paka ungalipo hata leo.

Basi, mama, jioni mpe paka wako kichwa cha samaki. Nawe baba, mtoto akiokota jiwe, mnyang'anye, kisha mwonyeshe mahindi yaliyoko darini.