CRP: Namba ya Kuulizia Kabla ya Ruhusa

Daktari akishakata kipande cha utumbo mpana chenye saratani, huziunganisha ncha mbili zilizobaki kwa mshono. Tumbo likifungwa, hakuna anayeona tena kinachoendelea humo. Mshono ukishika, mgonjwa ataanza na uji, kisha chakula. Ukiachia, kinyesi huvujia tumboni na kuleta maambukizi yanayoweza kuua. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi dalili hujitokeza wazi siku ya tano hadi ya nane, wakati mgonjwa wa Makete au Chunya, akijiona ana nafuu, ameshaanza kuulizia basi la kwenda nyumbani.

Kipimo cha damu kinaweza kutangulia dalili. Mwili ukiumia au ukivamiwa na vimelea, ini hutengeneza kwa wingi protini iitwayo CRP, ambayo William Tillett na Thomas Francis waliigundua New York mwaka 1930 wakichunguza wagonjwa wa nimonia. Baada ya upasuaji hupanda kwa kila mtu, maana kisu nacho ni jeraha. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha huporomoka: uzalishaji ukikoma, nusu yake huisha kwa takriban saa 19. Isiposhuka, au ikishuka kisha ikapanda, kuna jambo.

Mwaka 2014 jarida la British Journal of Surgery lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti kadhaa na kutoa mipaka: miligramu 172 kwa lita siku ya tatu, 124 siku ya nne, 144 siku ya tano. Kwa aliye chini ya mpaka, uwezekano kwamba mshono haujavuja ni asilimia 97. Aliye juu asihukumiwe haraka, kwani katika watu watano wa namna hiyo, yapata mmoja tu ndiye anayevuja. Malaria ya Kyela, kifua kikuu, hata nimonia ya kulala kitandani, vyote huipandisha CRP. Aliye juu ya mpaka anahitaji kupimwa tena, kukaguliwa, pengine CT skani. Kipimo kingine cha damu, prokalsitonini, huelekea zaidi kwenye bakteria, ila ni ghali.

Kwa hiyo CRP ni hodari wa kuondoa shaka kuliko kuthibitisha ugonjwa. Wengine huona huo ni udhaifu. Kwa Nyanda za Juu Kusini mimi naona ndiyo faida yake kubwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa hata kutoka Rukwa na Katavi. Ya mkoa pale Iringa hupokea wa Mufindi na Kilolo. Kumruhusu mtu arudi Sumbawanga, kilomita zipatazo 300 kutoka Mbeya, si sawa na kumruhusu anayeishi Uyole, hapohapo Mbeya. Na maambukizi baada ya upasuaji si nadra: utafiti wa Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta asilimia 26 ya wagonjwa 250 wa upasuaji wa aina mbalimbali wamepata maambukizi ya kidonda.

Kama unamuuguza ndugu yako, kabla hajaruhusiwa muulize daktari kama CRP imepimwa siku ya tatu na ya nne, na kama inashuka. Hata ikiwa imeshuka, mkifika nyumbani akapata homa, moyo ukaenda mbio au tumbo likajaa na kuuma, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo.